Tiwonge Nyirongo, Aliyeingiza Mkono Ndani ya Tairi

Marehemu Tiwonge Nyirongo alizaliwa tarehe 12 Februari 1963 huko Euthini, wilaya ya Mzimba, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Jairosi Nyirongo na mama Esinati. Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu, na mwaka 1994 akaajiriwa na wizara ya mambo ya nje.

Kila Mmalawi aliyefika mezani kwake aliulizwa kijiji chake na chifu wake. Hata Bw. Lusungu Jere alipomposa aliulizwa hivyo, akasema, “Dada, hii ni posa au maombi ya pasipoti?” Walifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1996.

Mwaka 2006 alihamishiwa Johannesburg, kuwahudumia raia wetu waliopatwa na shida. Aliwafuata magerezani na mochari. Mei 2008, wageni kutoka nchi nyingine za Afrika walipokuwa wakiuawa, alikwenda kuwachukua watu wetu katika kitongoji kimoja. Huko alikuta kundi limemvisha Mmalawi mmoja, Zondiwe Chirwa, tairi shingoni na kummwagia petroli.

“Huyu ni mwizi, mama,” alisema mwenye kiberiti. “Ameiba hata sufuria za mjane. Panda gari lako uende.”

“Najua ni mwizi. Mpelekeni polisi, nami nitamfuata huko. Ni raia wangu.”

“Hata akiiba?”

“Hasa akiiba. Mwema ana marafiki.”

Wakacheka. Marehemu akaingiza mkono wake ndani ya tairi, akajibana na Zondiwe. Petroli ikamwagwa juu yake pia. Walimpiga kwa nondo, mkono ukavunjika mara mbili, asiutoe. Wakampiga kichwani, jicho la kushoto likapasuka. Mwenye kiberiti aliwasha njiti, akamtazama, akaizima kwa vidole. Ndipo polisi walipofika.

Zondiwe alifungwa, na alistahili. Marehemu alimtembelea gerezani, akimgombeza kila mara.

Tangu siku ile kichwa hakikuacha kumuuma, na kifafa kikafuata. Alistaafu mwaka 2021. Alifariki tarehe 3 Agosti 2024 katika hospitali ya Mzuzu.

Juzi Zondiwe alifika msibani kwa basi kutoka Johannesburg. Vijana wa ukoo walimburuta hadi zizini na kumchapa fimbo mpaka akatapika damu, wakisema, “Wewe ndiye uliyemuua shangazi.” Zondiwe alikwisha hukumiwa na mahakama kwa wizi wake. Marehemu alitoa jicho lake ili mtu asihukumiwe na kundi, na kundi la safari hii ni sisi. Familia imeamua kwamba waliompiga hawatabeba jeneza wala kutupa udongo. Kiongozi wao ni Suzgo, mwanangu. Yuko kituo cha polisi, nilimpeleka mwenyewe.

Marehemu ameacha mume, Bw. Lusungu Jere, mabinti wawili, Temwa na Wanangwa, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake, Mwiza, niliyeandika haya.

Mungu amlaze Tiwonge mahali ambapo hakuna mtu anayewindwa.