Insha Ishirini Nilizozifungia Kabatini

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu mnaochemka ndani ya majoho mkiomba mzee huyu asirefushe: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa nafasi niseme machache kabla sijakabidhi funguo za ofisi. Mwenzangu aliyenitangulia amenimwagia sifa mpaka nikageuka nyuma kuangalia anamsema nani. Ameisifu zaidi kazi yangu ya kupima jinsi walimu tarajali wanavyojiamini kutumia rubriki, yaani lile jedwali la vigezo tunaloliweka pembeni ya daftari la mwanafunzi ili tusigawe alama kwa kubahatisha. Kwa dodoso ninalopimia hayo mmenibatiza Mzee Moja-Mpaka-Tano. Jina nimelipokea, lakini leo sina raha nalo.

Miaka saba iliyopita niliwapa walimu tarajali wa darasa langu insha ishirini za watoto wazisahihishe kwa rubriki. Walipomaliza nikawapa dodoso: je, kwa kila kigezo, unajiamini kiasi gani? Moja ni hapana kabisa, tano ni bila wasiwasi wowote. Karibu wote walijipa nne na tano. Binti mmoja, ambaye wenzake walimwita Taratibu kwa kuwa alikuwa wa mwisho kutoka kila mtihani, alijipa moja na mbili tupu. Nami, kwa pupa ya kutaka kuonekana mtaalamu, nikapitisha kwamba aliye chini ya tatu asiende kwenye mafunzo kwa vitendo. Akabaki yeye peke yake.

Alikuja ofisini na bahasha. "Mwalimu, naomba kwanza usome nilivyosahihisha." Nikamwambia nitasoma. Nikaitia kabatini mbele ya macho yake, nikafunga kwa ufunguo, maana nilikuwa nawahi kikao. Wiki ile ile akafungasha vitu vyake akaondoka chuoni.

Ndugu zangu, bahasha ile nimeifungua mwezi uliopita, nilipokuwa nahamisha vitu. Tulikaa wakufunzi watatu, tukazisahihisha insha zile upya. Katika ishirini, alama zake kumi na nane zililingana na zetu. Nikatafuta kumbukumbu za wale wa nne na tano: hakuna hata mmoja aliyefikisha kumi na mbili. Na pembeni ya insha moja binti yule alikuwa ameandika kwa penseli: "Nilimpa mbili, nimembadilishia nne. Mwandiko wake ulinichosha, nikataka kumwadhibu. Swali amelijibu." Ni nani kati yetu wakufunzi, mimi nikiwa wa kwanza, aliyewahi kuandika maneno kama hayo? Nililia, wala sioni haya kusema.

Nikamtafuta mwezi ule ule. Nilimkuta kwenye kiduka cha fotokopi, anapanga karatasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Zile insha, uliwashinda wote."

"Umezisoma lini?"

"Mwezi huu."

Akaendelea kupanga karatasi. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Siku ile nilikuwa na wasiwasi na insha tu, mwalimu. Ulipofunga kabati ndipo nikaanza kuwa na wasiwasi na mimi mwenyewe."

Nikambembeleza arudi, nikamwahidi kwamba Mkuu wa Chuo atampokea. Akatikisa kichwa.

"Nimeshazoea hapa. Wale waliojipa tano wako wapi siku hizi?"

"Wanafundisha."

"Basi usiniombe radhi mimi. Kawaombe wazazi wa watoto."

Wahitimu, mkono wako ukisita juu ya daftari la mtoto, uache usite, soma tena. Mkuu wa Chuo, nakuomba dodoso langu lisitumike kamwe kumzuia mtu asiende darasani. Nilipima jinsi watu wanavyojisema, nikadhani nimepima kazi yao.

Na ninyi wazazi, kwenu nimetumwa. Huenda mtoto wako alirudi nyumbani analia, ameambiwa hajui ilhali anajua. Huenda aliyemsahihisha nilimpitisha mimi, kwa sababu alijua kujisifu. Mwalimu ambaye angemsoma mtoto wako mara ya pili alikuwepo, na mimi ndiye niliyemfukuza. Nisameheni.

Asanteni kwa kunisikiliza hata nilipokuwa sistahili makofi.