Mama Panya na Jeni Zilizogoma Kunyamaza

Dada yetu mkubwa, ambaye hata wakwe zake walimwita Mama Panya, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, kifungua mimba wa mkunga na dereva wa lori. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Ukimwambia jambo haliwezekani, umemtuma akalifanye.

Alisoma shule ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1981 akahitimu shahada ya biolojia. Chuo kikampa kazi maabara.

Mwaka 1985 aliolewa na fundi wa majokofu, aliyeitwa kutengeneza jokofu la maabara na akaendelea kuja kulikagua hata lilipopona. Shemeji hajawahi kukanusha.

Kazi ya dada ilikuwa kupandikiza jeni katika panya, ili njia hiyo ikifaulu, siku moja mbuzi nao watoe dawa kwenye maziwa. Jeni ya majaribio ilimfanya panya ang'ae kijani chini ya taa maalumu. Lakini panya mama aling'aa, watoto wake wakatoka giza tupu. Wenzake walitaka kuongeza jeni, yeye akakataa.

"Jeni ni mpangaji," alitueleza mezani. "Ukimweka kwa majirani wakorofi, watamnyamazisha. Mtafutie mtaa mzuri."

Mwaka fulani, akidhani ameupata mtaa huo, alitualika sote maabara tukashuhudie. Taa ikawashwa. Panya hata mmoja hakung'aa; kilichong'aa ni meno ya shemeji na shati lake jeupe. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na dada ndiye aliyecheka zaidi. Kesho yake alirudi kazini.

Mtaa aliupata uzeeni, mahali kwenye kromosomu, uzi unaobeba jeni, ambapo majirani hawamnyamazishi mpangaji. Lakini Agosti iliyopita madaktari waligundua saratani ya kongosho, na swali lake moja lilikuwa bado: je, vitukuu wa panya aliowapandikizia jeni hapo wangeng'aa? Aliogopa kuondoka bila kujua, na alitwambia hivyo waziwazi.

Tarehe 2 Machi, mwanafunzi wake wa zamani, sasa mkuu wa maabara, alipiga simu hospitalini. "Mama, wamewaka wote."

Dada alilia, akacheka, kisha akasema, "Basi wazimieni taa, watoto walale."

Alifariki siku ya tatu yake, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Ameacha mume, binti wawili, mkwe, wajukuu watatu, sisi wadogo zake, na ukoo wa panya ambao hakuna aliyeweza kuunyamazisha.

Lala kwa amani, dada. Wamewaka wote.