Matofali Aliyoyafunga na Maji Ndani

Shemeji Adèle, watoto wetu, Padre, Masista, majirani wa avenyu yetu, na ninyi nyote mliopita vizuizi vitatu kwa miguu tangu asubuhi ili mfike hapa Bunia, leo Ijumaa tarehe 6 Juni 2003, familia imenipa mimi, Alexis, mdogo wa marehemu, karatasi hii niisome mbele yenu. Niliwaomba wamchague mwingine, wakakataa, wakasema aliyeshika brosi pamoja naye miaka ishirini ndiye anayezijua tarehe. Basi nitasoma, na sauti ikinikatika mnisubiri kidogo.

Marehemu Kamate Musavuli Hubert alizaliwa tarehe 3 Februari 1951, katika milima ya Lubero, mtoto wa kwanza wa mzee Nicolas Musavuli na mama Anastasie Kahindo, wote wawili marehemu. Mwaka 1959 baba alituleta Bunia, akiwa anauza maharagwe na viazi, tukapita Beni, Komanda na Irumu juu ya mizigo ya lori, na mama alikuwa akisimulia kwamba Hubert, mwenye miaka minane, alilia njia nzima kwa sababu ya vumbi, kisha akafika mjini akaomba ufagio kabla ya kuomba chakula. Mimi nilikuwa bado mgongoni kwa mama, kwa hiyo siwezi kuapa kama ni kweli, lakini kwa jinsi nilivyomjua baadaye naamini.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia Septemba 1959, akasimama mwaka 1964 wakati wa uasi, akarudi na kupata seti yake, yaani cheti cha shule ya msingi, Julai 1966, akaanza sekondari, lakini baba alifariki tarehe 11 Novemba 1967, naye akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili akakunja madaftari yake na kuyaweka juu ya kabati, akatuambia sisi wadogo kwamba sasa ni zamu yetu. Hakuyafungua tena, na sisi ndio tuliosoma.

Tarehe 5 Februari 1968 aliajiriwa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja Mgiriki, aliyekuwa na ua mpana uliotandikwa matofali ya kuchoma, na hapo ndipo alipojifunza kazi iliyomlisha maisha yake yote, ya kuosha matofali ya nje na kuyafunga kwa mafuta. Wengi wenu mliiona kazi hiyo mkadhani ni kufagia tu, na yeye jambo hilo lilimuudhi sana, kwa hiyo acheni niieleze kwa heshima yake. Kwanza unang'oa majani kwenye viungo kwa kijichuma kilichopinda, halafu unasugua kwa maji, majivu na ndimu mpaka ile chumvi nyeupe ya tofali itoke, unasuuza, unajaza viungo kwa mchanga mkavu, kisha unangoja. Unangoja jua siku tatu, unatandika kipande cha nailoni juu ya matofali tangu asubuhi hadi mchana, na ukikiinua ukakuta hata tone moja chini yake, unarudi nyumbani. Tofali likikauka hadi ndani, ndipo unalipaka mafuta ya lini, yale ya mbegu za kitani, yaliyochanganywa na petroli, mara mbili, na mvua haitaliingia tena. Lakini ukilifunga likiwa na maji ndani, maji yatatafuta njia, yatapanda na chumvi yake hadi chini ya mafuta, na baada ya siku chache utaona doa jeupe ambalo hakuna brosi ya kuliondoa. Kwa miaka thelathini na mitano hakuwahi kuacha doa kama hilo, si kwa Mgiriki, si kwa wafanyabiashara waliochukua nyumba baada yake mwaka 1974, wala hapa katika ua wa kapela ya Masista, alioutandika kwa mikono yake kati ya Machi na Juni 1979.

Alikuwa mkali na ua huo kuliko alivyokuwa na sisi. Siku za kungoja tofali likauke alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu pale mlangoni, na mtu yeyote akikanyaga, awe mkristo wa kawaida au mgeni wa Monsinyori, alipigiwa kelele, "Weye, pita pembeni, tofali ingali inalala!" Hata maarusi walipitishwa kando ya ukuta kama watu waliokuja kuomba chumvi. Mimi nilianza kufanya kazi naye Januari 1983, na mwezi wa kwanza wote alinipa kazi moja tu, ya kuinua nailoni na kumwambia ukweli.

Tarehe 19 Julai 1975 alifunga ndoa na Adèle, binti wa wakulima wa Kpandroma, na kwenye karatasi za serikali wakaandikwa majina ya mababu tu, kwa kuwa ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini nyumbani walibaki Hubert na Adèle. Watu wa pande zote mbili walinung'unika kwamba mbali ni mbali, na yeye aliwajibu kwa kupanda Kpandroma kila likizo kulima pamoja na wakwe zake, ingawa kulima hakukujua hata kidogo. Mungu aliwapa watoto watatu, Claude, aliyezaliwa Mei 1976 akafa kwa surua Machi 1981, Solange, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1978, na Dorcas, aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1983, ambaye yuko hapa na mama yake. Solange alikimbia vita Agosti 2002 na watoto wake, akapitia Mahagi-Port kuvuka ziwa kwenda Uganda, na mpaka saa hii ninaposoma hajui kwamba hana baba.

Sasa nafika kwenye ugonjwa na kifo, na ningependa kusema homa, au moyo, lakini haikuwa hivyo, na wengi wenu mlikuwepo.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano, Priscille, mdogo wake shemeji Adèle, alifika kutoka Kpandroma bila kitu mkononi, akapokelewa na Masista pamoja na wakimbizi wengine, kwa sababu nyumba ya Hubert ilikuwa imejaa na kila mtu aliamini kapela ni salama. Jumatatu tarehe 12 Mei 2003, asubuhi, watu wenye silaha waliingia, wakawatoa wakimbizi nje, na pale uani, juu ya matofali yale, wakawaua watu kumi na mmoja, na Priscille alikuwa mmoja wao. Miili ilipakiwa kwenye lori ikapelekwa tusikojua. Sista Angélique, aliyekuwa amejificha sakristia, aliona yote kupitia tundu la mlango.

Kesho yake komanda aliyekuwa akishika kata hii, ambaye sitamtaja jina, akamwita Hubert. Wageni wa uchunguzi walikuwa wafike siku ya posho, yaani Jumamosi, na komanda alitaka ua uoshwe na ufungwe siku ile ile, ung'ae, paonekane mahali ambapo hapakutokea kitu. Hubert alimwambia, "Komanda, tofali inaomba siku tatu." Akajibiwa neno moja, "Leo." Akaenda nyumbani, akachukua brosi zake na mafuta, akapita mbele ya mke wake aliyekuwa amekaa chini na wanawake wa msiba, akaelekea kapela.

Mimi nilisimama kwenye uzio na watu wengine, nikamwona. Sehemu nyingi za ua alizifagia kavu, hakuzitia maji. Lakini palipokuwa na damu alimwaga ndoo baada ya ndoo, akasugua, akamwaga tena, kwa subira, akipiga goti kila mahali, na kabla ya saa sita akaanza kupaka mafuta. Maji yalikuwa bado yanang'aa kwenye viungo. Mimi niliyejifunza kwake, mimi mwenye nailoni, niliona kwa macho yangu kwamba anafunga tofali mbichi, na sikujiuliza kwa nini. Nilisema moyoni kwamba yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, ameogopa mpaka amesahau kazi yake. Aliniita nimshikie kopo la mafuta, nikageuza uso.

Pale kwenye uzio jina likatoka, Serpiyeri ya Komanda, yaani kitambaa cha komanda cha kupangusa chini, watu wakacheka kicheko kile cha hasira, na kabla ya jioni lilikuwa limefika sokoni. Walimwimbia njiani. Walisema ameosha damu ya shemeji yake mwenyewe wala hakutoa chozi. Kwa siku nne shemeji Adèle alimpikia, akaweka sahani mbele yake, akaondoka bila neno, naye alikula akanyamaza, kwa kuwa angemwambia mtu mmoja tu, habari zingemfikia komanda kabla ya wageni kufika. Shemeji, najua jambo hili linakula moyo wako, lakini mume wako hakukuwekea kinyongo, alijua atakunyamazisha kwa kukosa kukueleza, na akachagua hivyo ili wasikuue.

Jumamosi tarehe 17 Mei wageni walifika, jua likiwa limewaka siku nne, na ua wote ulikuwa mwekundu unang'aa kama alivyotaka komanda, isipokuwa mahali kumi na moja palipokuwa peupe. Komanda alisema matofali ni ya zamani. Ndipo Sista Angélique akatoka kwenye barza ya kapela, akashuka uani, akasimama kwenye doa la kwanza akataja jina la mtu, akaenda la pili akataja, na alipofika karibu na bomba la maji akasema, "Hapa ni Priscille." Hakuruka hata moja. Wageni waliandika. Komanda akageuka kwa hasira kusema ni kazi mbaya ya mzee huyu, na Hubert, aliyekuwa amesimamishwa pale kama shahidi wa usafi, akasema mbele ya wote, "Kazi iko muzuri. Niliifunga na maji ndani."

Siku ile ile askari mmoja alionyesha shimo walimotupwa, na Jumanne tarehe 20 Mei watu kumi na mmoja walizikwa kwa majina yao, Priscille akiwa na msalaba wake. Hubert hakufika kwenye mazishi hayo. Jumapili tarehe 18 watu wa komanda walikuwa wamekuja kumchukua nyumbani, na saa tisa mchana wanawake wawili wa sokoni, ambao asubuhi ya Jumamosi walikuwa bado wanamwita kwa jina lile, walimrudisha kwenye mkokoteni wa pusipusi, amevunjwa mbavu na kuumizwa figo. Alilazwa siku hiyo hiyo katika hema la hospitali, akatibiwa, akapata nafuu kidogo, akaanguka tena, na akafariki Jumatano tarehe 4 Juni 2003, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na miwili, mkono wake ukiwa katika mkono wa Adèle.

Mimi sikwenda kumwona wiki mbili zote. Tangu ile Jumamosi nilikuwa nimejua, kama mji wote, na kila siku nilisema kesho. Nilikwenda Jumatatu tarehe 2 Juni na uji wa mtama, akafurahi kuniona, ndiyo, alifurahi, akaniuliza habari za magoti yangu. Halafu akanishika kola akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ile jina la Serpiyeri, ni nani aliitoa? Nataka nimujue, nimusamehe kabla niende." Nikamwambia, "Sijui, yaya." Akasema, "Uliza, uniletee." Nikasema nitauliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia chini ya hema, wakati dawa zilikuwa chache na risasi zilisikika karibu. Tunawashukuru Masista, na hasa Sista Angélique kwa ushujaa wake, majirani waliotupa kuni na maji siku hizi mbili, wanawake wawili wa pusipusi, na mafundi wenzetu waliochimba kaburi. Askari aliyeonyesha shimo, popote alipo, tunamwombea.

Hapa karatasi ya familia imeisha, na yanayofuata hawakuyaandika wao. Yaya Hubert, uliniagiza niulize nikuletee. Nimekuja na jina lake. Siku ya tarehe 13 Mei, kwenye uzio, uliponiita nikushikie kopo nikageuza uso, mtu wa kwanza kutamka Serpiyeri ya Komanda alikuwa mimi. Wengine walilichukua kutoka mdomoni mwangu, na walilichukua upesi kwa sababu limesemwa na ndugu yako. Jumatatu nilikuwa na nafasi ya kukwambia ukiwa hai, kinywa chako karibu na sikio langu, na niliogopa, mimi ndiye niliyeogopa. Adèle, Dorcas, hamkujua, sasa mnajua, na mkitaka nisishike jeneza nitatembea nyuma.

Pumzika, yaya, kwa amani ambayo mimi nilikunyima. Uliyetaka kumsamehe anaitwa Alexis.