Vidole Viwili vya Papa Sévère

Tarehe 30 mwezi wa sita, baada ya miaka thelathini na nne ya kazi, Papa Sévère Kashindi anaingia pansioni. Ni yeye mlinzi wa vani, ile milango ya chuma inayogawa maji ya mpunga kwenye mfereji wetu, kutoka Luberizi mpaka mashamba ya Mutarule. Wakubwa wa koperative waliniomba mimi Bienvenu, wa biro ya ufundi, nimwandikie maneno haya ya kumuaga, kwa sababu hapa kwetu hakuna anayeshika kalamu kama mimi. Ni kweli. Lakini leo kalamu iko nzito.

Papa Sévère hakusoma sana. Na mimi pia, tusidanganyane, nilikomea mwaka wa nne wa segondère. Tofauti ni kwamba yeye hakujificha. Alizunguka na baiskeli isiyo na breki, akiisimamisha kwa kukanyaga tairi na kandambili, na mfereji mzima ulikuwa kichwani mwake. Vani ya nne, ya mwisho, ile ya Mutarule, hakuifunga kabisa hata siku moja. Aliacha nafasi ya vidole viwili. Tulimcheka, tukasema anawawekea vyura.

Mwaka jana nilirudi kutoka Bujumbura na cheti cha mafunzo ya siku kumi na programu ya kompyuta inayoiga mfereji. Unaiambia inaruhusiwa kugeuza vitu gani, kila kimoja kinaanzia wapi na kuishia wapi, na unatafuta nini. Yenyewe inajaribu mara elfu, inakupa jibu bora. Nikaipa vani zote nne, kila moja kutoka sifuri, yaani imefungwa kabisa, mpaka mia. Lengo: maji yapotee kidogo iwezekanavyo. Jibu likaja: vani ya nne, sifuri. Bila shaka! Mahali maji hayafiki, hayapotei. Nami nikapiga makofi.

Papa Sévère alisoma karatasi yangu, akaniuliza, "Mwanangu, hii mashini yako iliisha kufika Mutarule?" Nikamjibu mbele ya watu, "Papa, vidole vyako haviko sayansi." Akaenda kufunga.

Siku ya sita, miche ya mpunga ya Mama Sabine na majirani zake wa Mutarule ilikuwa imekauka. Kwenye mkutano wakulima walimrukia Papa Sévère: "Weye ulilala!" Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikiangalia simu iliyozimika. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni mwake, hakuitoa. Alisema tu, "Mkono uliofunga ni wangu." Akapewa barua ya lawama, ya kwanza maishani mwake.

Juzi, mwishowe, nilienda kwa prezida wa koperative nikaeleza yote. Barua ile imetoka kwenye dosye ya Papa Sévère. Iliyoandikwa upya ina jina langu, na ndivyo inavyostahili.

Katika programu, vani ya nne haianzii tena sifuri, inaanzia vidole viwili. Nilipima vidole vyake kwa rula: sentimita nne na nusu. Alicheka, akauliza kama mashini inataka na vya miguu.

Papa Sévère, asante kwa maji, na kwa ukimya ambao sikuustahili. Jumamosi, Mama Sabine atakuwa kwenye sherehe. Nitasimama mbele yake nimwombe msamaha kabla hujakata keki. Tunakutakia siku ndefu na afya njema nyumbani. Usikatize usingizi kwa ajili ya vani ya nne. Iko wazi.