Simeoni Alute, Mkandika Tembe wa Wasio na Watu

Wazee wetu, shikamooni, mchungaji, majirani wa Mwankoko na wageni mliotoka mbali, familia imenituma mimi Laurian, mwana wa dada yake, niwasomee njia aliyopita mjomba wetu Simeoni Alute, ambaye amelala hapa mbele yetu.

Marehemu alizaliwa hapa Mwankoko mwaka 1905, mtoto wa pili wa mzee Alute, akasoma shule ya misheni Kilimatinde kuanzia 1921 hadi 1924, akatoka anajua kusoma na kuandika, ila moyo wake ulikuwa kwenye udongo.

Mwaka 1927 alianza kazi ya kukandika mapaa ya tembe, nyumba zetu hizi zenye paa bapa la udongo, kazi ya msimu, inayoanza mwezi wa kumi jua linapopasua udongo na kukoma mvua zikishika, na kwa kuwa hapa kwetu paa hukandikwa na majirani walioitwa kwa pombe, hakuna aliyeona sababu ya kumlipa fundi, hivyo akaenda kutafuta wateja Manyoni, kwenye reli, walikokaa watu waliotoka makwao. Msimu wa kwanza alipita mlango kwa mlango akipaza sauti, “Nani paa lake linavuja?”, akafukuzwa kila nyumba, maana nani atakubali mbele ya jirani kwamba hana watu wa kumwitikia?

Alirudi mikono mitupu, akawaza sana, na mwaka uliofuata akajenga kitembe kidogo juu ya ubao, cha kubebwa kichwani, akakipeleka gulioni, akatia unga ndani, akamwagia mtungi wa maji juu, kisha akafungua mlango na kuwaonyesha watu unga mkavu. Watu walicheka, wakapiga makofi, na gulio lilipovunjika wajane na wageni wakamfuata pembeni, mmoja mmoja, wakamnong'oneza wanakoishi. Naye aliwaahidi kwamba hatafika kama fundi, atafika kama ndugu aliyekuja kusalimia, atabisha hodi kwa sauti ya kusikika na majirani, ataulizia wazee wa nyumbani, ndipo apande paani. Kwa ahadi hiyo wateja waliambiana wao kwa wao, kazi ikafika hadi Kilimatinde, hata nyingine akawa anazikataa.

Tarehe 14 Juni 1930 alifunga ndoa na Yunisi, wakajaliwa mtoto mmoja, Elina, aliyeolewa Kiomboi, ambaye yuko nasi hapa. Yunisi alifariki Novemba 1944, katikati ya msimu, marehemu akiwa Manyoni, na aliporudi alikuta kaburi limeshaota majani. Elina akaja kulelewa kwa mama yangu, na tangu hapo marehemu aliishi peke yake, na tuseme kweli, alikuwa mpweke sana, akipika chakula cha watu wawili na kula nusu. Kila msimu alikuwa ndugu wa watu asiowajua, na hapa alipozaliwa, kwa kuwa hakuwepo majirani walipoitana, wakaacha kumwita.

Mwezi uliopita, Novemba 1953, akiwa hana tena nguvu za kusafiri, aliona paa lake mwenyewe limepasuka, akatafuta wa kumpikia pombe, akaita watu, na tumesimuliwa kwamba pombe ilichacha mtungini, kwa kuwa kila aliyeitwa alidhani fundi anatania. Akapanda mwenyewe, akakandika upande mmoja, mvua ikamkuta juu paani, na ndani nako hakukuwa na pa kujibanza, akashikwa na kichomi, akalazwa hospitali ya misheni, alikofariki asubuhi ya tarehe 8 Desemba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, tunamshukuru mchungaji, na ninyi majirani tunawashukuru kwa kuchimba kaburi, kazi ambayo mmeifanya bila kuitwa kwa pombe. Wenzake wa kazi hatuna wa kuwashukuru, alikuwa peke yake. Lakini jana lori lilishusha watu kutoka Manyoni, ambao hakuna hata mmoja wetu anayewajua, wakabisha hodi kwa sauti kubwa, wakatuulizia wazee wa nyumbani, na tulipouliza ni akina nani, kila mmoja alijibu, “Mimi ni ndugu yake.” Leo tangu alfajiri wako juu paani, wamekandika upande uliobaki, na baadhi yenu mmewapandishia udongo.

Pumzika kwa amani, mjomba Simeoni, nyumbani kwako hakuvuji.