Filister Aluoch na Geti la Satellite

Tarehe 30 mwezi huu, Filister Aluoch anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu kwenye dawati letu la wafanyakazi wa nyumbani.

Aliajiriwa kupiga chapa barua, tulipokuwa bado na ofisi mtaani Kawangware 46. Mwezi haujaisha, alikuwa anazijibu mwenyewe. Kazi yake ikawa kuwasomea mikataba wasichana wanaokwenda kazi za nyumbani ng'ambo, na kuwatafuta walionyang'anywa pasipoti huko, wakafungiwa ndani na kufanyishwa kazi bure. Kwenye semina hali hiyo ina majina marefu. Filister huiita utumwa, kisha anaendelea na chai yake.

Kila msichana aliyepita kwake alikariri nambari yetu kama mtoto anavyokariri hesabu za kuzidisha. "Simu wataichukua," alikuwa akiwaambia. "Kichwa hawawezi." Wanawake wazima walisimama mbele ya meza yake wakikosea na kuanza upya. Droo yake ya chini imejaa chaja za kila aina, kwa ajili ya wanaofika kutoka uwanja wa ndege na simu iliyozima. Ukiazima moja usirudishe, utamjua.

Lakini kisa ninachotaka kuandika hakikutokea ng'ambo. Kilitokea mtaa wa Satellite, mwendo wa dakika kumi kutoka ofisi yetu ya wakati huo.

Miaka kumi na miwili iliyopita, Filister alikwenda kwa mama mwenye jengo tulilopanga, kuzungumzia paa lililovuja. Walikuwa marafiki, alishakula pale mara nyingi. Chai ilimiminwa na msichana wa kazi, Jael. Kwa mazoea tu, Filister akamuuliza siku yake ya kupumzika ni gani. Jael akamtazama mwajiri wake.

"Huyu? Aende wapi?" mama akajibu. "Hata stage ya matatu hajui."

Wageni wengine waliokuwepo wakacheka. Filister naye akacheka.

Asubuhi iliyofuata alifika kazini, asivue hata koti. "Nimecheka," alituambia. "Miaka kumi na moja nauliza hilo swali, na jana nimecheka."

Akarudi Satellite peke yake, mwenye nyumba akiwa dukani kwake. Geti lilikuwa na kufuli kwa nje. Jael alizungumza naye kupitia upenyo. Aliletwa kutoka Busia akiwa darasa la sita, kwa ahadi ya kusomeshwa. Hakuona darasa wala mshahara, na kwa miaka sita hakuwahi kulivuka geti hilo peke yake. Filister akamuuliza kama anataka kutoka. Jael aligeuka akatazama nyumba.

"Nikitoka, nani atampea shosho dawa?" akauliza. Alikuwa akimuuguza mama mzazi wa mwajiri wake.

"Watoto wake," Filister akamjibu.

Alasiri alirejea na afisa wa kazi na polisi wawili. Mwenye nyumba alilia. "Filister, umekula kwangu!"

"Nimekula, mama. Na aliyepika ni Jael."

Mama huyo akatupa siku saba tuhame jengo lake. Wapo walionung'unika, nami nikiwa mmoja wao. Tulikuwa na ofisi nzuri, na sasa mafaili yalikuwa kwenye mkokoteni kuelekea Kibera, kwenye chumba cha mabati tulichomo hadi leo. Filister hakutubembeleza. Alishika meza upande mmoja, akaniambia nishike ule mwingine.

Jael aliishi kwake miezi minane, hadi kesi ilipoisha na mahakama ikampa haki yake. Leo ana hoteli ndogo ya chakula Busia. Huifunga kila Jumatano, kwa kuwa anapenda tu.

Filister amenikataza kuandika kwamba ameshinda. Wiki jana alipokea kesi tano, mbili kutoka mitaa unayoiona ukisimama mlangoni petu. Dawati anawaachia Naftaly na Adhis, aliowafundisha mwaka mzima, mara nyingine kwa ukali. Yeye anakwenda Seme kwa mumewe, Mzee Osewe, na anasema atakuwa akilala hadi saa tatu asubuhi. Hakuna anayemwamini.

Dada Filister, asante. Ulituonyesha kwamba mtu anaweza kuaibika Jumatatu, na Jumanne akaamka akaenda. Nenda salama, ule samaki, uzoee kupumzika. Siku itakayofuata, saa mbili asubuhi, ofisi tutafungua sisi.

Nicanor Sifuna, kwa niaba ya wenzako wote