Jani Hutupwa, Kitambaa Huchemshwa

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mimi ni Ma Yustina, mjane wa hapa Ijumbi, na nimesimama kumshukuru Mungu aliyeniondolea jina baya. Niliitwa mtia sumu. Katika Buhaya hii mnajua jina hilo lina uzito gani.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Mume wangu alikuwa amefariki, kibanja, shamba letu la migomba, kikachukuliwa na shemeji zangu, nami nikajiandikisha kwenda kijiji kipya bondeni Ngenge. Nilipewa kazi ya kuwapikia waliolima shamba la kijiji. Niliipenda mno. Mwanamke asiye na kibanja akikabidhiwa sufuria ya kijiji, amepata mahali pa kusimama.

Sasa sikieni. Sisi tumezaliwa kwenye migomba. Ndizi tunamenyea juu ya jani, samaki tunakatia juu ya jani, chakula tunapakulia juu ya jani, tukimaliza tunalitupa shambani. Kule Ngenge migomba ilikuwa bado machipukizi. Kijiji kikatupa meza ya mbao, mabakuli ya bati na kitambaa cha kufutia, na hicho kitambaa tukakibebesha kazi zote za jani. Kilifuta damu ya samaki mezani, kikafuta kisu, kikafuta mabakuli, kisha kikatundikwa nyuma ya mlango kikiwa kimelowa. Kukifua? Nani kati yetu alikuwa amewahi kufua jani?

Watu wakaanza kuhara na kutapika. Mimi nilionja chakula mbele yao, kama desturi yetu inavyomtaka anayekaribisha, nikichota moja kwa moja kwenye sufuria inayotokota. Nikabaki mzima, wao wakaugua. Wakasema ninaonja bila woga kwa sababu ninayo dawa ya kujikinga. Kisha mtoto wa jirani yangu, Ma Kemilembe, akazidiwa, macho yakamzama. Mama yake akasimama mkutanoni akasema, "Waitu, huyu mwanamke aondoke kijijini kabla hajatumaliza." Wazee wakataka kwanza Bwana Afya aje aone. Ndugu zangu, niondoke niende wapi? Nililia, nikamwambia Mungu: Bwana, sina wa kunitetea, nitetee wewe.

Na akanitetea! Bwana Afya alifika na baiskeli yake, akaagiza mtoto akimbizwe zahanati, kisha akaketi jikoni na kuniambia nipike kama kawaida. Alifuata kwa macho kila nilichoshika. Nilipochukua kitambaa nifute mabakuli, akasema, "Mama, ishia hapo hapo." Akakinusa, akageuza uso.

"Hiki mnakifua lini?"

"Kikichakaa tutapewa kingine," nikamjibu.

Akawaita watu wote. "Sumu mnayoitafuta ni hii," akawaambia. "Chakula kinatoka kwenye sufuria kikiwa salama. Vijidudu vya samaki mbichi vimejaa kwenye unyevu wa kitambaa hiki, na kila bakuli linapakwa." Akatuamuru samaki wawe na ubao wao peke yao, meza isuguliwe kwa sabuni na maji ya moto, vitambaa vichemshwe kila siku na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Tukatii, na kuhara kukakoma.

Mtoto wa Ma Kemilembe akapona, utukufu kwa Mungu. Mama yake aliporudi shambani nikampakulia, nami kwa mazoea nikanyanyua upawa nionje kwanza. Akanishika mkono.

"Usionje, mae. Nipe nile."

Akala mbele ya kijiji kizima mpaka bakuli likabaki tupu. Mimi machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Ndugu yangu unayesingiziwa leo, usikate tamaa. Mungu anaujua moyo wako, na msaada wake huweza kuja hata kwa baiskeli. Mtumaini yeye. Na ukifika nyumbani, hebu angalia nyuma ya mlango wa jiko lako, kuna nini pale kimetundikwa.

Nimemaliza. Tukitoka hapa kuna chakula nje, nimekipika mimi mwenyewe. Karibuni.